Meza ya Kabla ya Moto

Kaa vizuri unisikilize, na kabla hatujaenda mbali tazama sakafu uliyoikanyaga. Kama ni ya vigae, chagua kimoja, kile kilicho karibu na kidole chako cha mguu. Hicho ni kile kilichofika. Wapo wenzake waliovunjika njiani, na kila kiwanda kina mahali ambapo hao waliovunjika hupelekwa. Mahali hapo ndipo palipomkosesha raha mwanamke niliyefanya naye kazi miaka mingi, ambaye sote tulimwita Bi Mkaguzi.

Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kitambulisho chake, lakini kitambulisho chenyewe alikivaa kimegeuka. Alisema picha ile inamwonyesha amenuna, na yeye akinuna hupenda watu wamwone mwenyewe, siyo karatasi.

Nikuambie jambo moja mapema, nisije nikakusifia mtu mzuri ukadhani na mimi nilikuwa mzuri kwake. Bi Mkaguzi aliondoka kiwandani akiamini kwamba macho yake ndiyo yaliyoharibu kazi. Hayakuwa macho yake. Ilikuwa ni mikono yangu. Nililijua hilo tangu siku vigae vilipotoka tanurini, nikanyamaza. Liweke hilo akilini wakati nakusimulia mengine.

Kiwanda chetu kiko nje ya mji wa Tanga, upande wa barabara ya Horohoro, na kazi yake si ngumu kuielewa. Udongo husagwa na maji ndani ya pipa kubwa la chuma linalozunguka, mpaka uwe uji. Uji hukaushwa kwa hewa ya moto ukawa unga. Unga hukandamizwa na mashine, kikatoka kigae kibichi ambacho ukikibana vibaya kinakatika kama biskuti. Hukaushwa, hupakwa rangi ya kung'arisha, kisha huingia tanurini. Kikitoka huko ni jiwe.

Sasa shika tofauti hii, maana maisha yake yote ya kazi yalikuwa hapa. Kigae kikivunjika kabla ya tanuri, hujapoteza kitu kikubwa. Kitie majini, kitalainika, kitarudi kuwa uji, na baada ya siku chache kitakuwa kigae tena. Kikivunjika baada ya tanuri, hakuna maji yatakayokilainisha. Unaweza kukiponda ukajazia barabara. Unaweza kukisaga ukachanganya kidogo na udongo mpya. Lakini moto uliokipika umekwisha kwenda, na huo haurudi.

Nilipoanza kazi, wakaguzi walikaa mwisho, vigae vilikotoka tanurini. Bi Mkaguzi alikuwa mkuu wao. Alikishika kigae kwa ncha za vidole viwili, akakiacha kining'inie, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati. Kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hutoa sauti fupi ya chini. "Hiki kinakohoa," alikuwa akisema, na kigae kilitupwa pembeni. Baba Rehema, dereva wetu wa katapila, alivizoa vyote vilivyokohoa akavipeleka nyuma ya kiwanda, jaani. Jaa lile lilikuwa limekwisha kuwa kilima, na kilima kilikuwa kikiteremka taratibu kuelekea kwenye mikoko.

Siku moja alimfuata meneja hadi ofisini, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba karatasi.

"Bwana Meneja, nihamishe."

"Nikuhamishie wapi, Bi? Mkaguzi hukaa mwisho. Dunia nzima hukaa mwisho."

"Mwisho hapana cha kukagua. Pana cha kulilia."

"Unataka nini hasa?"

"Nataka meza kabla ya tanuri. Na mapipa mawili. Na huyu Mwanaidi aliye nyuma yangu, maana ana mikono myepesi."

Akapata meza. Pipa jeupe lilikuwa la vipande vibichi ambavyo havijapakwa rangi. Hivyo vilirudi kwenye uji moja kwa moja. Pipa la buluu lilikuwa la vipande vilivyokwisha kupakwa. Hivyo vilisubiri, vikatiwa kidogo kidogo kwenye udongo wa vigae vyekundu vya nje, ambako doa halionekani. Mapipa hayo hayakutakiwa kukutana, na nitakueleza kwa nini. Rangi ile ya kung'arisha huyeyuka motoni mapema kuliko udongo. Ikiwa imejificha ndani ya kigae, huchemka, na kigae hutoka na vipele.

Baba Rehema alikuwa akipita mezani kila asubuhi kumchokoza. "Bi Mkaguzi, unaniziba riziki. Ukivimaliza vibovu, mimi nitabeba nini?"

"Utabeba vizima, baba. Au hujawahi kubeba kitu kizima ukajisikia mtu?"

Alikuwa na tabia ya kugonga kila kitu. Aligonga vikombe vya muuza kahawa kabla ya kumiminiwa, vyungu sokoni, matikiti, hata sinki la msalani. Kuna siku walikwenda kumposea mpwa wake mchumba huko Raskazone, nyumba ya watu wa heshima, na sahani za kaure zilikuwa zimetolewa kabatini kwa ajili ya shughuli hiyo. Mchuzi ulipoletwa, akainua sahani iliyokuwa mbele ya baba wa binti, akaigonga.

"Hii inakohoa," akasema. "Msimwekee mzee kitu cha moto."

Mama wa binti akajibu kwamba sahani zile ni za urithi na hazijawahi kukohoa. Mchuzi ukatiwa. Wakati wa kunawa mikono, sahani ikagawanyika vipande viwili, na kanzu ya mzee ikapata ramani ya njano mpaka magotini. Posa ilikubaliwa hata hivyo. Mzee alisema familia inayoona ufa kabla haujafunguka ni familia ya kuoana nayo. Mama wa binti, kwa nijuavyo, bado hajacheka.

Usidhani alikuwa mtu wa kubana kila kitu. Udongo aliuhesabu kama dhahabu, lakini sukari aliimwaga. Chai yake ilisimamisha kijiko. Kanga ikipauka kidogo tu aliigawa. Alipika wali wa watu kumi wakati nyumbani walikuwa watatu, halafu akakasirika majirani wasipotokea. Nilipomuuliza, aliniambia, "Chakula kikizidi kinaliwa. Kigae kikizidi kinakwenda kwenye mikoko. Umeona tofauti?"

Na kuna jambo lililotushangaza zaidi. Sisi wengine tulibeba vibovu kwenda navyo nyumbani, kwa ruhusa. Nenda kwa wafanyakazi wa zamani, Mabawa au Chumbageni, utakuta vyumba vyenye sakafu ya rangi saba. Kwake palikuwa na saruji tupu. Hakuchukua hata kipande cha kuwekea sabuni.

"Bi, hata kimoja? Si vinatupwa tu?"

"Nikianza kufaidika na vibovu, Mwanaidi, nitaanza kuviombea viwepo. Leo nitataka cha jikoni, kesho cha ukumbini. Keshokutwa nitaona ufa mezani na nitauacha upite."

Wahandisi aliwafundisha kwa ukimya. Hewa ya moto ilikuwa ikitoka tanurini kupitia bomba la nje na kupotea angani. Akaloweka kanga, akaitundika karibu na mdomo wa bomba, akamwita mhandisi wanywe chai. Kabla kikombe hakijaisha kanga ilikuwa imekauka kama karatasi. Akaikunja mbele yake. "Hewa inayokausha kanga yangu," akauliza, "haiwezi kukausha vigae vyako?" Haikuchukua muda mrefu bomba lile likageuzwa, likaingia chumba cha kukaushia. Kuni za hewani, alikuwa akiliita bomba hilo baadaye.

Sasa nifike kwenye lile jambo la mikono yangu. Lakini kwanza ujue hili. Aliyevunja kigae akasema, Bi Mkaguzi alimvutia kiti na kumuuliza kilivunjikaje, kwa upole kabisa, kama anauliza habari za watoto. Aliyevunja akaficha, alimnyima salamu wiki nzima. Nilimwona akifanya hivyo kwa msimamizi wa zamu aliyekuwa amesukuma vipande kwa mguu chini ya mkanda wa kusafirishia vigae. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ilikuwa Ramadhani, jioni, basi la wafanyakazi limekwisha kupiga honi mara mbili na kila mtu anawaza futari. Bi Mkaguzi alikuwa ametangulia kwenda kutawadha. Nilikuta pipa la buluu limejaa hadi ukingoni. Utaratibu ulikuwa kuchukua pipa jingine stoo, lakini stoo ilikuwa imefungwa. Zamu ya usiku ilihitaji pipa tupu, na kilichobaki ni kumwita Baba Rehema alibebe lile pipa kwenda jaani. Na wiki hiyohiyo Bi Mkaguzi alikuwa amemwambia meneja, mbele yetu sote, kwamba tangu mwezi uandame hakuna kilichotoka mezani kwetu kikaenda jaani.

Nikatazama vile vipande. Rangi ya wiki ile ilikuwa nyepesi, ya maziwa, na ikikauka inafanana na udongo wenyewe. Nikajiambia, udongo ni udongo. Nikalimwaga pipa la buluu lote ndani ya jeupe, nikakoroga kwa mti ili usawa upatikane, nikakimbilia basi. Nilifuturu vizuri kabisa siku hiyo. Nilijiona nimemlinda.

Uji ule ukawa unga, unga ukawa vigae, vigae vikaingia tanurini. Vilipotoka vilikuwa na vipele uso mzima, kama mtoto mwenye surua. Bi Mkaguzi akakimbia kutoka mezani kwetu hadi mwisho wa mkanda. Akakinyanyua kimoja, akakigonga. Kikalia. Kingine, kikalia. Vyote vililia vizuri mno.

"Masikio yangu hayana kesi," akasema taratibu. "Basi ni macho."

Meneja akaja. "Nani alikuwa anapanga mapipa?"

"Meza ni yangu," Bi Mkaguzi akajibu. "Rangi ile nyepesi siku hizi inanidanganya. Nimetia kwenye pipa jeupe vipande vya pipa la buluu. Sikuiona."

Nilifungua mdomo, nikameza mate. Baba Rehema hakumchokoza siku hiyo. Katapila lilikwenda na kurudi mpaka adhuhuri, na kilima kikateremka hatua nyingine. Meza ikaondolewa, mapipa yakapelekwa stoo, wakaguzi wakarudishwa mwisho. Kabla ya Idi Bi Mkaguzi akaandika barua ya kuacha kazi. Siku ya kuaga nilimwona akichukua kigae kimoja kati ya vile vyenye vipele, akakifunga kwenye kanga, akakitia kapuni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anabeba kibovu nyumbani. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa naogopa jibu.

Miaka ikapita. Meneja mwingine alikuja, akaona jaa, akauliza kama hakujawahi kuwa na njia nyingine. Meza ikarudi, na mimi ndiye niliyepewa. Wafanyakazi wapya ninawaeleza habari za mapipa mawili kwa maneno yake, mpaka namna ya kuvuta kiti. Wananisifu kwa uvumilivu. Kila Idi nilimpigia simu Bi Mkaguzi, tukaulizana hali, nikakata. Jambo lile nililipangia Idi inayofuata, kila Idi.

Mwaka huu simu ilipokelewa na binti yake, ambaye anaishi naye Kigombe. Akaniambia mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho zamani kidogo, na daktari amesema anaona vizuri. "Lakini da Mwanaidi, hataki hata kuchagua mchele. Sindano hatungi. Ukimpa kitu atazame anakurudishia, anasema nitazamie wewe, mimi macho yangu yaliwahi kuniaibisha kazini."

Jumapili yake nilipanda bodaboda hadi Kigombe.

Nilimkuta barazani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Pembeni yake palikuwa na mtungi wa maji.

"Shikamoo, Bi Mkaguzi."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo? Ah, Mwanaidi! Umenenepa, au ni haya macho?"

"Nimenenepa, Bi."

"Alhamdulillahi. Basi si macho."

Binti yake akacheka, akaenda jikoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Bi, lile pipa la buluu. Siku ile lilikuwa limejaa. Nililimwaga kwenye jeupe. Ni mimi."

Hakugeuka. "Lote?"

"Lote."

"Ukakoroga?"

"Nikakoroga."

"Kwa nini hukwenda stoo?"

"Ilikuwa imefungwa. Na sikutaka liende jaani. Ulikuwa umemwambia meneja hakuna kilichokwenda."

"Kwa hiyo ulinisikiliza."

"Ndiyo, Bi."

"Ulinisikiliza vibaya. Na mimi nilijigamba mno. Lakini miaka yote hii, Mwanaidi. Nimekaa hapa nachaguliwa mchele na watoto wa watu."

"Nisamehe, Bi."

"Ngoja. Usiniharakishe."

Nikangoja. Kuku alipita, akanywa maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mtungi, akaondoka. Bi Mkaguzi akajivuta, akauinamisha mtungi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakitoa kilichokuwa chini yake. Kilikuwa ni kile kigae. Akakifuta kwa upindo wa kanga, akakining'iniza kwa vidole viwili, akakigonga. Kikalia kama siku ileile. Kisha akakisogeza kwenye mwanga, akakipitishia kidole pole pole, akivihesabu vile vipele.

"Kimoja hiki. Viwili. Hiki kidogo. Hiki kimefichama pembeni." Aliendelea hadi alipochoka kuvionyesha. "Vyote naviona."

Akanipa. "Hiki nilikichukua kwa sababu nilidhani ni changu. Nilikiweka chini ya mtungi nikione kila nikitaka maji. Kumbe si changu. Kibebe."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Akapaza sauti kuelekea jikoni, "Wee! Niletee ungo. Na mchele."

Binti yake akatokea mlangoni, amesimama na mwiko. "Nikuchagulie, mama?"

"Nimesema unichagulie? Nimesema lete."

Akachagua mchele mbele yangu, bila haraka, kichwa amekiinamisha, kidole cha kati kikisukuma chuya huku na mawe kule. Mimi nilikaa na kigae mapajani. Sikujua kama nimesamehewa. Nilijua tu kwamba nimeruhusiwa kukaa.

Wali ulipoiva ulikuwa wa watu kumi, na tulikuwa watatu. Tonge la pili nikahisi kitu kimegota jinoni. Jiwe, dogo kama punje ya ufuta. Nilikuwa karibu kulimeza, nakuapia. Miaka mingapi nimezoea kumeza? Nikalitoa, nikaliweka ukingoni mwa sahani.

"Bi," nikasema, "kuna jiwe."

Binti yake akaacha kutafuna. Bi Mkaguzi akaliangalia lile jiwe, akaniangalia mimi, halafu akacheka, kicheko kile cha zamani kilichokuwa kikisikika juu ya kelele za mashine.

"Leo umesema mapema, chakula kingali cha moto," akasema. "Sogea, nikuongeze mchuzi."

Kigae kile sasa kiko juu ya meza yangu kazini, katikati ya mapipa mawili, na kila mfanyakazi mpya namwambia akigonge kwanza, kisha akitazame. Na wewe ukifika mahali pako pa kazi kesho, iwe ni udongo, nguo au karatasi, weka mapipa mawili kabla ya moto, yape rangi mbili zisizofanana. Ukiyachanganya, mwambie mwenye meza siku hiyohiyo.